Utendaji wa Vimeng'enya vya Mkojo katika Kufuatilia Saratani ya Kibofu: Historia ya Wazo na Vikwazo Vyake, 1895–2013

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya juhudi za kutumia utendaji wa vimeng'enya vya mkojo katika kugundua saratani ya kibofu cha mkojo na kufuatilia mwenendo wake. Uchunguzi unaanzia kwenye viwanda vya rangi vya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, unapitia maabara za Chicago, London, Boston na Kairo, na kuishia katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambako saratani hiyo huandamana na kichocho. Hoja kuu ni kwamba wazo hili limepita katika vipindi vitatu: kimeng'enya kama sababu ya saratani, kimeng'enya kama ishara ya saratani, na kimeng'enya kama mwongozo wa ufuatiliaji wa mgonjwa aliyekwisha kutibiwa. Katika kila kipindi watafiti walikutana na kikwazo kilekile: kibofu kilichojeruhiwa au kilichoambukizwa humwaga vimeng'enya hata pasipo saratani. Makala yanahitimisha kwamba kikwazo hicho ni kizito zaidi kwa wagonjwa ambao wangefaidika zaidi na kipimo rahisi cha mkojo.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa saratani ya kibofu ambaye uvimbe wake umeondolewa haagani na hospitali. Uvimbe wa aina hii una tabia ya kurejea, mara nyingine mahali palepale, mara nyingine penginepo katika utando wa kibofu. Baadhi ya uvimbe unaorejea hupenya hadi kwenye misuli ya kibofu na kuhatarisha maisha. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutakiwa kurudi kila baada ya miezi michache, na baadaye kila mwaka, ili daktari aingize chombo chenye mwanga kupitia njia ya mkojo na kuchungulia ndani ya kibofu. Chombo hicho kilioneshwa hadharani na Maximilian Nitze mjini Vienna mwaka 1879, na ingawa kimeboreshwa sana, msingi wake haujabadilika. Kipimo hicho kinaaminika, lakini kinamsumbua mgonjwa, kina gharama, na kinahitaji mtaalamu ambaye hapatikani kila mahali.

Mkojo, kwa upande wake, hutoka wenyewe. Umekuwa umegusana na utando wa kibofu kwa saa kadhaa kabla ya kutoka, na hubeba seli zilizobanduka pamoja na kemikali zilizomwagwa na seli hizo. Si ajabu, basi, kwamba watafiti walitamani kusoma hali ya kibofu kutokana na mkojo bila kukichungulia. Mwaka 1945 George Papanicolaou na Victor Marshall walichapisha makala yaliyoonesha kuwa seli za saratani zinaweza kutambuliwa kwa hadubini katika mashapo ya mkojo. Njia hiyo ingali inatumika, na ni hodari katika kutambua saratani kali. Udhaifu wake ni kwamba uvimbe wa daraja la chini hutoa seli zinazofanana mno na seli za kawaida, hivyo jicho la mchunguzi hupitwa.

Vimeng'enya vilionekana kuziba pengo hilo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kutumika. Kwa kuwa molekuli moja ya kimeng'enya hubadilisha molekuli nyingi za kemikali nyingine, kiasi kidogo sana kinaweza kutambuliwa kwa kupima kile kilichobadilishwa. Ndiyo maana watafiti huzungumzia utendaji wa kimeng'enya badala ya uzito wake: kinachosomwa ni kazi iliyofanyika kwa muda maalumu. Makala haya yanafuatilia jinsi wazo hilo lilivyozaliwa, lilivyobadilika, na lilivyokwama, kisha yanajadili maana ya historia hiyo kwa Afrika ya Mashariki.

2.0 Usuli: Viwanda vya Rangi na Swali la Kibofu

Rangi za kemikali zilianza na ugunduzi wa William Perkin mwaka 1856, na kabla ya karne kwisha Ujerumani ilikuwa imejenga viwanda vikubwa vya kuzitengeneza. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi watatu waliokuwa wakitengeneza rangi ya fuksini. Idadi ilikuwa ndogo, lakini watu hao walifanya kazi ya aina moja na walipata ugonjwa usio wa kawaida. Rehn alihusisha ugonjwa huo na kemikali za kazini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti iliyotaja naftilamini ya aina ya beta na benzidini kuwa kemikali zinazosababisha saratani ya kibofu.

Ushahidi wa maabara ulifuata mwaka 1938, Wilhelm Hueper na wenzake nchini Marekani walipowapa mbwa naftilamini ya beta na kuona uvimbe ukiota katika vibofu vyao. Ushahidi wa takwimu ulikamilika nchini Uingereza mwaka 1954, Robert Case na wenzake walipoonesha kuwa wafanyakazi waliokuwa wakishughulika na kemikali hizo walikuwa na hatari ya kupata uvimbe wa kibofu takriban mara 30 kuliko watu wengine. Wengi wao waliugua miaka mingi baada ya kuanza kazi, na wengine baada ya kuiacha kabisa.

Matokeo hayo yalileta maswali mawili. La kwanza lilikuwa la kibinadamu. Kulikuwa na kundi kubwa la watu walioonekana kuwa na afya njema, lakini wakijulikana kuwa katika hatari kwa miaka mingi ijayo. Watu hao walihitaji kipimo kinachoweza kurudiwa mara kwa mara bila kuwatesa. La pili lilikuwa la kikemia. Mfanyakazi huvuta kemikali kwa pumzi au huipata kupitia ngozi, ikapita katika damu na ini. Kwa nini basi saratani iote kwenye kibofu? Jibu la swali hili la pili ndilo lililowaingiza vimeng'enya katika historia hii.

3.0 Kimeng'enya kama Sababu: Beta-glukuronidesi, 1946–1964

Ini huondoa sumu nyingi mwilini kwa kuziunganisha na asidi ya glukuroniki. Muungano huo huyeyuka kwa urahisi katika maji, hivyo figo huutoa kupitia mkojo. Kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidesi hufanya kinyume chake: huuvunja muungano huo na kuiacha sumu huru tena.

Kipimo chake kilirahisishwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Paul Talalay, William Fishman na Charles Huggins walitumia fenolftalini iliyounganishwa na asidi ya glukuroniki. Ikiwa imeunganishwa, haina rangi. Kimeng'enya kikiivunja, fenolftalini huachiliwa, na maabara inapoongeza alkali, kimiminika hugeuka waridi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kimeng'enya kilivyofanya kazi zaidi. Huggins mwenyewe alikuwa daktari wa njia ya mkojo, na mwaka 1966 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu homoni na saratani ya tezi dume. Mwaka 1947 Fishman na A. J. Anlyan waliripoti kuwa tishu za saratani mbalimbali zina utendaji mkubwa wa beta-glukuronidesi kuliko tishu za kawaida zilizozizunguka.

Eric Boyland, mkemia wa Taasisi ya Utafiti ya Chester Beatty mjini London, aliunganisha mambo hayo mawili. Taasisi hiyo ndiyo aliyofanyia kazi Case, na Boyland alikuwa akichunguza jinsi mwili unavyozishughulikia naftilamini. Kama ini huifunga sumu, na kama mkojo una kimeng'enya cha kuifungua, basi kibofu ndicho mahali ambapo sumu hufunguliwa tena na kukaa juu ya utando kwa saa nyingi. Mwaka 1955 Boyland, daktari mpasuaji David Wallace na D. C. Williams walichapisha vipimo vya beta-glukuronidesi na salfatesi katika mkojo, damu na tishu za kibofu. Mkojo wa wagonjwa wa saratani ya kibofu ulionekana kuwa na utendaji mkubwa wa beta-glukuronidesi kuliko mkojo wa watu wasio na ugonjwa huo.

Ni muhimu kuona walichokuwa wakikitafuta. Kwao kimeng'enya hakikuwa alama tu iliyoachwa na saratani, kilikuwa mshitakiwa. Kama dhana hiyo ilikuwa sahihi, kukizuia kimeng'enya kungezuia uvimbe usirejee. G. A. Levvy alikuwa amekwisha kuonesha mwaka 1952 kwamba kemikali moja inayotokana na asidi ya sakariki huzuia utendaji wa beta-glukuronidesi. Boyland, Wallace na wenzao waliwapa wagonjwa kemikali hiyo, na mwaka 1964 wakachapisha matokeo katika makala ambayo jina lake lilitaja kwa unyenyekevu "jaribio la kuzuia". Jaribio hilo halikuleta tiba iliyokubalika hospitalini.

Dhana yenyewe haikufa, ila ilihamishwa. Mwaka 1977 Fred Kadlubar na wenzake walionesha kuwa baadhi ya miungano inayotengenezwa na ini kutokana na kemikali za jamii ya naftilamini huvunjika yenyewe katika mkojo wenye asidi. Wazo kwamba ini hufunga na mkojo hufungua lilibaki na nguvu, lakini kimeng'enya hakikuhitajika tena kuwa mfunguaji wa lazima. Mshitakiwa aliachiliwa, na yakabaki maswali kuhusu thamani yake kama shahidi.

4.0 Kimeng'enya kama Ishara: Boston, 1962

Wakati London ilikuwa ikiuliza kuhusu sababu, Boston iliuliza swali jepesi zaidi. Katika miaka ya 1950 hospitali zilikuwa zimeanza kupima vimeng'enya vya damu ili kutambua madhara ya moyo na ini. Seli ikijeruhiwa, vimeng'enya vyake huvuja. Kwa nini kanuni hiyo isitumike kwa mkojo?

Mwaka 1962 Warren Wacker na Lionel Dorfman walipendekeza kipimo cha laktiki dihaidrojinesi katika mkojo kama njia ya kutafuta saratani za figo na kibofu. Mwaka uliofuata Wacker na wenzake wengine walichapisha kazi kuhusu fosfatesi ya alkali katika mkojo. Hapa dhana kuhusu chanzo cha saratani haikuhitajika. Laktiki dihaidrojinesi imo katika karibu kila seli ya mwili, na hoja ilikuwa kwamba uvimbe unaokua, kufa na kubanduka ndani ya njia ya mkojo utaongeza kiasi chake.

Kazi hiyo ilidhihirisha kuwa mkojo ni mazingira magumu. Kwanza, una kemikali ndogondogo zinazozuia vimeng'enya, hivyo sampuli ilibidi ioshwe kwa kupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo ili kemikali hizo zitoke na protini zibaki. Pili, mtu aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na aliyekaa na kiu hutoa mkojo mzito. Namba isiyorekebishwa kwa kukusanya mkojo wa saa maalumu, au kwa kuilinganisha na kreatinini, haina maana. Tatu, vimeng'enya hupoteza nguvu sampuli ikikaa kwenye joto. Nne, bakteria wana vimeng'enya vyao. Katika kupima beta-glukuronidesi, kwa mfano, kile cha binadamu hufanya kazi vizuri katika asidi ya kiwango cha pH 4.5 hivi, ilhali kile cha bakteria wa utumbo hufanya kazi vizuri karibu na pH 7. Maabara makini iliweza kuvitenganisha. Maabara isiyo makini ilihesabu vimeng'enya vya bakteria kana kwamba ni vya mgonjwa.

Matatizo hayo manne yalikuwa ya kiufundi, na yalitatulika. La tano halikuwa la kiufundi. Chembechembe nyeupe za damu zimejaa laktiki dihaidrojinesi, na chembechembe nyekundu pia zinayo. Mgonjwa mwenye maambukizi ya figo, au mwenye ugonjwa wa vichujio vya figo, au anayekojoa damu kwa sababu yoyote, alitoa namba kubwa sawa na ya mgonjwa wa saratani. Tayari mwaka 1961 Meyer Melicow na wenzake walikuwa wamechapisha vipimo vya beta-glukuronidesi katika mkojo wa wagonjwa wa saratani ya kibofu wakiwalinganisha na wenye hali nyingine, na ulinganisho huo ndio uliogeuka kuwa mtihani wa kila kipimo kilichofuata.

5.0 Kairo: Saratani na Kichocho katika Kibofu Kimoja

Hakuna mahali ambapo mtihani huo ulikuwa mgumu kama Misri. Mwaka 1851 Theodor Bilharz aligundua mjini Kairo minyoo inayosababisha kichocho. Mwaka 1911 A. R. Ferguson, akiwa Kairo, alieleza uhusiano kati ya kichocho na saratani ya kibofu. Mayai ya minyoo hiyo hukwama katika ukuta wa kibofu, mwili hupambana nayo, na kibofu huishi miaka mingi kikiwa na vidonda na makovu. Saratani inayotokea huko mara nyingi ni ya seli bapa, tofauti na ile ya seli za utando wa kawaida iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ilikuwa miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume wa Misri. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Dhana ya Boyland ilivutia sana katika mazingira hayo. Wakulima wa bonde la Nile hawakuwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi, lakini huenda kimeng'enya kilikuwa kikifungua sumu nyingine ndani ya vibofu vyao. Mwaka 1960 P. J. Fripp alichapisha taarifa kuhusu kichocho na utendaji wa beta-glukuronidesi katika mkojo, na mwaka 1965 akachunguza asili ya kimeng'enya hicho. Mwaka 1966 G. A. Abdel-Tawab na wenzake wa Misri walitoa utafiti kuhusu kimeng'enya hichohicho kama sehemu ya mfululizo wa kazi zao juu ya chanzo cha saratani ya kibofu inayoandamana na kichocho.

Tafiti hizi zilionesha jambo lililokuwa na pande mbili. Kichocho chenyewe huongeza utendaji wa beta-glukuronidesi katika mkojo. Kwa mtafuta sababu, hili lilikuwa jambo la kutia moyo, kwani huenda lilieleza ni kwa nini kichocho hutangulia saratani. Kwa mtafuta ishara, lilikuwa jambo la kuvunja moyo, kwani namba kubwa haikuweza kumtofautisha mkulima mwenye minyoo na mkulima mwenye minyoo na saratani pia. Taarifa ileile ilijenga hoja ya kwanza na kubomoa ya pili. Watafiti wa London na Boston walikuwa wanaweza kumwondoa mgonjwa mwenye maambukizi kwenye orodha ya uchunguzi wao. Daktari wa Kairo hakuweza, kwa sababu maambukizi ndiyo yaliyomleta mgonjwa.

6.0 Kimeng'enya kama Mwongozo wa Ufuatiliaji

Kizazi cha miaka ya 1990 kilibadili namna ya kuchagua kimeng'enya. Badala ya kutafuta vimeng'enya vinavyovuja kutoka katika kila seli iliyojeruhiwa, kilitafuta vile ambavyo saratani huvitumia katika kazi yake.

Kazi mojawapo ya saratani ni kupenya. Ili uvimbe uvuke utando wa chini na kuingia kwenye misuli, ni lazima uyeyushe kolajeni iliyo njiani. Mwaka 1992 Margulies na wenzake waliripoti kuwa kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni ya aina ya nne hupatikana kwa wingi katika mkojo wa wagonjwa wa saratani ya kibofu. Mwaka 1998 Marsha Moses na wenzake mjini Boston walionesha kuwa vimeng'enya vya jamii hiyo huonekana katika mkojo wa wagonjwa wa saratani za viungo mbalimbali. Huko Miami, kikundi cha Vinata Lokeshwar kilichunguza hailuronidesi, kimeng'enya kinachokata asidi ya hailuroniki iliyo kati ya seli. Makala yao ya mwaka 1997 na ya 2000 yalionesha kuwa utendaji wa hailuronidesi katika mkojo huhusiana na daraja la uvimbe: uvimbe wa daraja la pili na la tatu huuongeza kuliko wa daraja la kwanza. Hapa kipimo cha kimeng'enya kilidai kueleza ukali wa saratani, si kuwepo kwake tu.

Kazi nyingine ya saratani ni kugawanyika bila kikomo. Seli za kawaida hupoteza sehemu ndogo ya ncha za kromosomu kila zinapogawanyika, na hatimaye huacha. Telomeresi hurejesha ncha hizo. Mwaka 1994 Nam Kim na wenzake walichapisha njia ya kupima telomeresi katika idadi ndogo ya seli, wakaonesha kuwa kimeng'enya hicho hufanya kazi katika saratani nyingi na kukosekana katika tishu nyingi za kawaida. Mwaka 2005 watafiti wa Italia wakiongozwa na Maria Aurora Sanchini walitoa matokeo ya kipimo cha telomeresi katika mkojo wa wanaume: kilitambua asilimia 90 ya wagonjwa wa saratani ya kibofu, na kiliwatenga kwa usahihi asilimia 88 ya wasio wagonjwa.

Namba hizo zinastahili kutafakariwa, kwani zinaeleza ni kwa nini vipimo vya mkojo vilihamia kwenye ufuatiliaji. Chukua mfano wa watu 1,000 wa kawaida, ambao 10 kati yao wana saratani. Kipimo chenye sifa hizo kitawatambua 9 na kumkosa 1. Lakini katika watu 990 wasio na saratani, kitawatia hofu takriban 119. Sasa chukua wagonjwa 1,000 waliokwisha kutibiwa, ambao 300 kati yao uvimbe umerejea. Kipimo kitawatambua 270 na kuwashitua bure 84. Katika kundi la kwanza, aliyeambiwa ana dalili huenda hana ugonjwa. Katika kundi la pili, huenda anao. Hata hivyo, katika kundi hilo la pili wagonjwa 30 wataambiwa wako salama ilhali uvimbe umerejea. Daktari anayejua kuwa uvimbe huo unaweza kupenya misuli kabla ya ziara inayofuata hatathubutu kukiacha chombo cha kuchungulia. Hivyo vipimo vya vimeng'enya vilibaki wasaidizi na havikuwa warithi.

Kikwazo cha zamani nacho hakikuondoka. Chembechembe nyeupe za damu hubeba vimeng'enya vya kuyeyusha kolajeni ili zipenye tishu kufikia maambukizi, na limfosaiti zina telomeresi kwa sababu nazo hulazimika kugawanyika sana. Saratani haikubuni kazi mpya. Iliazima kazi za mwili unaojikinga na kujiponya. Kwa hiyo hata kimeng'enya kilichochaguliwa kwa makini kilionekana katika kibofu chenye uvimbemoto.

7.0 Kanda ya Ziwa, Kilosa na Pemba

Historia hii inagusa Tanzania moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 D. M. Forsyth na David Bradley walichunguza madhara ya kichocho cha mkojo kaskazini-magharibi mwa nchi, na kazi yao ya mwaka 1966 iliweka wazi kuwa ugonjwa uliochukuliwa kuwa wa kawaida kwa watoto huacha madhara makubwa katika kibofu, mirija ya mkojo na figo. Takriban nusu karne baadaye, mwaka 2013, Peter Rambau na wenzake wa Mwanza walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu katika ukanda huohuo. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, na mayai ya kichocho yalionekana katika tishu za wengi. Picha iliyoelezwa Kairo mwaka 1911 ilikuwa hai kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo dalili ya kwanza ni mkojo wa damu, na dalili hiyo haiwashitui. Katika maeneo ambako kila mtoto wa rika fulani amewahi kukojoa damu, mtu mzima anayekojoa damu hujiona amerudiwa na ugonjwa wa utotoni. Hapo ndipo kipimo cha mkojo kinachotenganisha kichocho na saratani kingeokoa maisha, na hapo ndipo vimeng'enya vyote vilivyojadiliwa hukosa kauli.

Inafaa kuona ni vipimo gani vya mkojo vilivyoshika mizizi katika mazingira haya. Katika kisiwa cha Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1980, mpango wa kudhibiti kichocho ulitumia vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi vikiguswa na mkojo wenye damu. Kijiti hicho hufanya kazi kwa sababu himoglobini, ingawa si kimeng'enya, huiga utendaji wa kimeng'enya cha peroksidesi na kuigeuza rangi iliyo kwenye karatasi. Wilayani Kilosa, Christian Lengeler, Hassan Mshinda na wenzao walionesha jambo jepesi zaidi: walimu wakipewa dodoso la kuwauliza wanafunzi iwapo wanaugua kichocho, majibu hubainisha vizuri shule zenye tatizo kubwa. Vilevile, sehemu ya kijiti cha kisasa inayotambua chembechembe nyeupe husoma utendaji wa kimeng'enya halisi cha chembechembe hizo, esteresi.

Kipimo cha kimeng'enya cha mkojo kilichoenea duniani, basi, ni kile kinachotambua uvimbemoto. Sifa iliyowaangusha Wacker na Melicow katika kutafuta saratani ndiyo iliyokipa kijiti hicho manufaa katika kutafuta maambukizi. Kemia ni ileile. Lililobadilika ni swali lililoulizwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa utendaji wa vimeng'enya vya mkojo haukuwa wazo moja lililoshindwa mara nyingi, bali mawazo matatu yaliyofuatana. Boyland alitafuta chanzo ili azuie ugonjwa. Wacker alitafuta ishara ili agundue ugonjwa. Lokeshwar na Sanchini walitafuta mwongozo utakaoeleza ukali wa uvimbe au kurejea kwake. Kila kizazi kilirekebisha kosa la kiufundi la kizazi kilichotangulia: rangi ya fenolftalini ilirahisisha usomaji, uoshaji wa sampuli uliondoa vizuizi, na uchaguzi wa vimeng'enya vya kupenya na kugawanyika ulisogeza kipimo karibu na saratani yenyewe. Lakini hakuna kizazi kilichoondoa ukweli kwamba kibofu kinachopona na kibofu chenye saratani hutumia zana zinazofanana.

Kutokana na historia hiyo yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, kipimo kilichothibitishwa kwa wagonjwa wa Ulaya au Marekani wenye saratani ya seli za utando, wasio na kichocho, hakipaswi kuletwa Mwanza, Pemba au Tanga kwa namba zake zilezile. Kiwango cha kawaida cha kimeng'enya lazima kiwekwe upya miongoni mwa watu wenye kichocho, waliotibiwa kichocho, na wasiowahi kukipata. Pili, namba moja ya siku moja ina uzito mdogo kuliko mfululizo wa namba za mgonjwa yuleyule. Mgonjwa aliyetibiwa minyoo kwa prazikwanteli, ambaye uvimbemoto wake ulitarajiwa kupungua, lakini utendaji wa vimeng'enya vyake haushuki au unapanda, anastahili kupelekwa kwa mtaalamu mapema. Pendekezo hili halihitaji kimeng'enya kipya. Linahitaji kumbukumbu za mgonjwa zinazotunzwa na sampuli zinazochukuliwa kwa utaratibu mmoja.

Wafanyakazi wa rangi wa Uingereza walipata ufuatiliaji kwa sababu majina yao yalikuwa katika vitabu vya viwanda, na kwa hiyo Case aliweza kuwahesabu. Mvuvi na mkulima wa Kanda ya Ziwa walioingia majini tangu utotoni hawamo katika kitabu cha namna hiyo. Kabla ya kuuliza ni kimeng'enya kipi kipimwe katika mkojo wao, utafiti wa baadaye hauna budi kwanza kujua wao ni akina nani, wako wapi, na ni lini kila mmoja wao aliona damu kwa mara ya mwisho.